Utafiti Usomwe kwa Sauti, na kwa Lugha Yetu

Mwaka 1973, mkoa huu ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, nchi nzima iliingia katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Wananchi wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wengi wao walikuwa hawajajua kusoma. Elimu ya wataalamu iliwafikia kwa njia ya sikio.

Tunaikumbusha habari hiyo kwa sababu kimezuka chombo kipya cha kusomea kwa sikio. Simu ya mkononi hupewa andishi la kitaalamu la kurasa ishirini, nayo ikalisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho, mwenyewe akiwa anapalilia mibuni au anatengeneza nyavu. Wanafunzi wa vyuo wanakitumia, na wasioona wanakitegemea. Kiswahili nacho hakikusahauliwa: kampuni ya Microsoft imetengeneza sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, zikapewa majina ya Daudi na Rehema.

Lakini Daudi na Rehema watusomee nini? Hapo ndipo penye neno letu la leo.

Hapana shaka kwamba Kagera ni miongoni mwa mikoa iliyochunguzwa sana na wataalamu. Kuanzia 1991 hadi 1994 zaidi ya kaya 900 zilihojiwa mara kwa mara juu ya mapato, maradhi na misiba yao. Wahojaji wakarudi tena mwaka 2004 na 2010. Mwaka 2015, wilayani Muleba, vyandarua vya aina mbili viligawiwa ili ijulikane kipi kinawaweza mbu walioizoea dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet la Uingereza. Baada ya miezi 21, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria katika vijiji vya chandarua cha kawaida walikuwa asilimia 62. Kwenye vijiji vya chandarua kilichoongezwa kemikali iitwayo PBO walikuwa asilimia 45. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuutumia ushahidi huo mwaka 2017 kupendekeza vyandarua vya PBO. Damu ya vidole vya watoto wa Muleba imezifaa nchi nyingine nyingi.

Na andishi lenyewe ni la Kiingereza cha madaktari.

Mwandishi wa safu hii alianza kusoma chuoni, juu ya mkeka, kwa kuifuata sauti ya mwalimu. Tuliweza kukariri juzuu nzima kabla ya kufahamu maana ya aya moja. Haikuwa kazi bure, maana mwalimu alikuwapo, na ufafanuzi ulikuja kwa wakati wake. Simu imsomeayo mvuvi wa Goziba Kiingereza cha madaktari haina mwalimu nyuma yake. Tena haijui la kuruka: itasoma majina yote yaliyo katika mabano, itamwaga tarakimu za jedwali mfululizo kama mtu ahesabuye mawe, na andishi lililopigwa picha tu huenda ikalinyamazia kabisa.

Ndugu zetu wa Bumbire, Ikuza, Kerebe, Mazinga na Goziba wako mbali na maktaba ya mkoa, ambayo iko Bukoba mjini, ng'ambo ya maji. Simu wanazo. Siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapopumzika, nafasi ya kusikiliza wanayo pia. Haja ni kubwa. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Bukoba Vijijini tarehe 21 Machi 2023, ukaua watu 6, taarifa za wataalamu zilieleza kwamba mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka Goziba. Kisiwa kikitajwa mbele ya dunia, wakazi wake wana haki ya kusikia kilichoandikwa juu yake kwa lugha waijuayo. Wasiposikia hilo, watasikia uvumi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba COSTECH, inapotoa kibali cha utafiti, iweke sharti lisilo na mjadala: muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili uachwe wilayani. Uwe umepigwa chapa, usiwe picha. Tarakimu zake zielezwe kwa sentensi. Na kabla ya kutolewa, mganga au bwana shamba wa mahali hapo ausikilize simu ikiusoma, asahihishe panapokwaruza. Wapo watendaji watakaosema hakuna fungu. Kurasa mbili haziwezi kuzidi gharama ya mafuta ya gari la watafiti hao hao.

Halmashauri ya Muleba nayo isingoje agizo kutoka Dodoma. Ianze na utafiti wa vyandarua, na kurasa hizo ziwe zimefika Ikuza na Goziba kabla ya mbalamwezi ijayo.