Eksileta Haifungwi kwa Mpira wa Tyubu

Ukipita hapa kwetu West Indies Jumamosi adhuhuri, masikio yatakupasha habari kabla ya macho. Datsun kuukuu inanguruma uani kwa fundi, na vijana wamejazana wakishangilia kana kwamba ni fainali ya kandanda. Si ajabu. Shekhar Mehta alishinda Safari mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, na kila mara aliendesha Datsun. Sasa kuna wanaotaka kuyafufua magari hayo kwa mbio fupi za mstari ulionyooka: mawili kwa mawili, mita 402 tu, anayetangulia ndiye bingwa. Mimi pia ni shabiki, sikatai. Ila jambo moja linanikera, nami nalitoboa humu jaridani: jinsi tunavyounganisha eksileta.

Jambo lenyewe lina asili yake. Eldoret iko juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya tano. Hewa ikipungua, injini nayo hulegea. Basi fundi afanyeje? Ang'oa kabureta ya kiwandani, atia mbili kubwa za Weber. Kumbe kile kiungo cha zamani kutoka kwenye pedali hakifiki tena! Hapo ndipo ubunifu huanza. Nimeona kwa macho yangu kebo ya breki ya baiskeli ikivuta kabureta, na mahali pa springi ya kurudisha pamefungwa kipande cha mpira wa tyubu. Ukiuliza unaambiwa, "Kijana, hii inashika, wacha wasiwasi." Inashika, naam. Lakini je, itaachilia?

Maana kufungua ni kazi ya mguu. Kufunga ni kazi ya springi. Mpira ukipigwa na joto la injini na mvuke wa petroli hulegea, kisha hukatika. Ile kebo ya baiskeli nayo ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa, na pale inapojipinda nyuzi huanza kukatika mojamoja. Ikikatika yote, una bahati, kwa kuwa gari litapoa lenyewe. Hatari ni ule uzi mmoja uliochomoza na kukwama ndani ya ala wakati kabureta iko wazi kabisa.

Wako wanaosema, basi tutumie fito za chuma, hazichanuki. Kweli hazichanuki. Lakini gari la mbio likiachiliwa klachi, injini hujipindua kwa nguvu juu ya raba zake. Raba ikivunjika, injini huinuka, na ufito uliofungwa kwenye bodi huvuta eksileta pasipo mguu wa mtu! Si hadithi ya kijiweni hii. Mwaka 1971 kampuni ya General Motors huko Marekani iliyaita magari yapatayo milioni 6.7 kwa sababu ya raba za injini zilizoweza kukatika na kuacha eksileta wazi.

Kwa hiyo mimi nachagua kebo, tena mpya, ya gari, iliyopitishwa mbali na ekzosi. Ala yake ishikwe na kibano kilichokazwa kwenye injini yenyewe, ili vitikisike pamoja. Springi ziwe mbili, kila moja iweze kufunga peke yake, na zishikizwe kwenye mkono wa kabureta. Springi iliyo kwenye pedali pekee ni pambo tu, kwani kebo ikikatika haina la kufunga. Chini ya pedali pawe na kizuizi, mguu usije ukauvuta mkono hadi ukapita mwisho wake na kujifunga huko. Waamerika wenye mchezo huu, kwa viungo vilivyobadilishwa visivyo vya kebo, hutaka hata pedali iwe na kishikio cha kuinuliwa kwa kidole cha mguu. Na kwa magari ya kawaida sheria yao imedai nguvu mbili za kurudisha eksileta tangu 1973. Sembuse gari la mashindano?

"Si breki zipo?" aliniuliza mwenzangu darasani. Zipo, lakini servo ya breki huvuta nguvu zake kwenye mnyonyo wa injini, na kabureta ikiwa wazi kabisa mnyonyo huo haupo. Ukikanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa kilomita 140 kwa saa, gari hula mita 39 kila sekunde. Dereva akumbuke kukanyaga klachi na kuzima moto, bila kurudisha ufunguo hadi mwisho, usukani usije ukajifunga.

Nao wanaolia gharama, wanichekesha. Springi mbili haziwezi kushinda petroli wanayoiteketeza asubuhi nzima wakijaribu mlio tu.

Waandalizi wa mbio nawaomba wafanye hivi: injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage pedali hadi chini na kuiachilia. Kisha waondoe springi moja, akanyage tena. Mkono wa kabureta usiporudi tak! mara zote mbili, gari hilo lirudi nyumbani, hata kama mwenyewe ni mtu mkubwa, hata kama limepakwa rangi ya dhahabu. Sisi watazamaji husimama ukingoni mwa lami, wengine na wadogo zetu mabegani, na mbele yetu pengine pana kamba tu.