Gesi Ndani ya Metali: Nani Kasema Kiswahili Hakiwezi?

Wavuvi wa omena wa Muhuru Bay hufanya kazi usiku. Zamani walivuta samaki kwa mwanga wa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri zilizochajiwa kwa jua. Muhula uliopita, nikiwa mgeni katika shule moja ya upili karibu na ufuo huo, msichana mmoja aliuliza: je, nguvu za jua haziwezi kuwekwa akiba pengine ila katika betri? Mwalimu wake akajibu kwa Kiingereza fasaha kwamba umeme hutenganisha maji, haidrojeni ikapatikana, nayo yaweza kuhifadhiwa ndani ya metali. Darasa likanyamaza. Nilipomwomba aeleze kwa Kiswahili, alinijibu kwa heshima, "Daktari, haya hayasemeki kwa Kiswahili."

Simlaumu, kwani hakuna aliyemfunza hivyo. Lakini yanasemeka.

Paladiamu hufyonza haidrojeni hadi takriban mara 900 ya ujazo wake. Thomas Graham, mkemia Mskoti, alilichunguza jambo hilo katika miaka ya 1860. Metali hiyo ni ghali mno. Magnesiamu ni rahisi, na kilo 100 za kampaundi yake na haidrojeni hubeba kilo 7.6 za gesi hiyo. Ila huifyonza polepole, na haiiachilii mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi. Ndiyo maana watafiti huitandaza iwe nyembamba kuliko karatasi mara elfu, ili gesi isiwe na safari ndefu.

Hutandazwaje? Metali hutiwa katika chombo kilichoondolewa hewa, ikapashwa joto hadi iwe mvuke, na mvuke ukatua juu ya kioo kama utuavyo kwenye kifuniko cha sufuria. Ama hupigwa kwa chembe za agoni zenye chaji, zikabandua atomu zake, nazo zikaenda kutua kiooni. Hatimaye hufunikwa kwa paladiamu kidogo, ambayo huikinga magnesiamu na oksijeni, tena huzipasua molekuli za haidrojeni ziwe atomu zinazoweza kupenya. Kioo hicho si tangi la gari, tusidanganyane. Ni mahali pa kuchunguzia tabia ya metali.

Wapo wanaotaka kitu hicho kiitwe "filamu", na mwanafunzi afikirie sinema. Kwa nini, ilhali tunao "utando"? Uko juu ya maziwa yaliyopoa, uko ziwani boti linapovujisha mafuta. Aidha, Kiingereza hutenganisha kwa herufi moja tu gesi inayonata juu ya kitu na ile inayozama ndani. Sisi tuna "kunata" na "kufyonza".

TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwaka 2023 Kenya ilizindua mkakati wa haidrojeni, nao ukaandikwa kwa Kiingereza. Sitaki Kiingereza kifukuzwe darasani, maana mtihani wa kemia uko katika lugha hiyo. Nataka mwalimu asione haya kueleza kwanza kwa lugha inayoeleweka.

Yule kijana alikubali kujaribu. Alichora utando ubaoni, akataja maziwa, akataja mafuta ya boti. Msichana akanyoosha mkono tena: "Mwalimu, na hayo joto ya nyuzi 300 tutayatoa wapi usiku, katikati ya ziwa?"