Kabla ya kununua programu ya kupanga diski, piga hesabu kwanza

BIASHARA ya kupiga na kuhariri video imekuwa ajira ya vijana wengi wa wakulima katika miji midogo ya Kilimanjaro, kama ilivyo katika mikoa mingine. Kijana anauza magunia ya mahindi au ndama aliyepewa na baba yake, ananunua kamera na kompyuta iliyokwishatumika, anapanga chumba karibu na stendi na kuanza kupokea kazi za harusi, kipaimara na mikutano mikuu ya vyama vya ushirika. Ni biashara nzuri kwa anayeijua hesabu yake.

Tatizo huanza baada ya miezi michache. Kompyuta inachelewa, picha zinakwamakwama na kazi iliyoahidiwa Jumatatu inatoka Alhamisi. Hapo ndipo anapojitokeza mtu wa kumshauri anunue programu ya kupanga diski, ile ambayo mafundi huiita difragi. Nionavyo mimi, wengi wanaotoa fedha kwa ajili ya programu hiyo wanatibu ugonjwa ambao hawana.

Mimi ni mchumi wa kilimo, si fundi wa kompyuta. Hata hivyo, suala lenyewe linafanana sana na jambo tunalolijua wakulima, yaani mashamba yaliyotawanyika. Mkulima wa Marangu au Machame anaweza kuwa na kihamba cha migomba na kahawa mlimani, na shamba la mahindi kule tambarare. Siku ya palizi, sehemu ya muda wake inaishia njiani. Nchini Kenya, mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulihimiza kuunganisha vipande vya mashamba kwa sababu hiyo hiyo. Mbele ya mpango wa namna hiyo mchumi huuliza mambo mawili: ni muda kiasi gani unapotea njiani, na kuviunganisha vipande kutagharimu kiasi gani?

Tuulize hivyo hivyo kuhusu diski. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani ina sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachokwenda huku na huku kusoma. Faili likigawanyika vipande, kichwa hulazimika kuruka kutoka kipande hadi kipande. Kila mruko huchukua takriban milisekunde 13, yaani sehemu 13 za elfu moja ya sekunde.

Sasa chukua mkanda wa saa moja wa MiniDV, ambao ukiingizwa kwenye kompyuta hufikia GB 13 hivi. Tuseme faili hilo limekatika vipande 1,000. Zidisha 1,000 kwa milisekunde 13, utapata sekunde 13 tu katika saa nzima ya picha. Diski inayosoma MB 100 kwa sekunde ingehitaji sekunde 130 kulisoma faili hilo hata kama lingekuwa kipande kimoja. Kwa hasara ya sekunde 13, hakuna sababu ya kufungua pochi.

Lakini vikiwa vipande 50,000, muda unaopotea ni sekunde 650, karibu dakika 11. Hiyo ni hasara ya kweli, na wakati wa kuingiza picha kutoka kwenye kamera inaweza kusababisha fremu kupotea. Je, faili hufikaje huko? Mara nyingi ni kwa sababu diski imejaa. Kompyuta inapokosa nafasi pana, hubandika picha kwenye kila upenyo inaoupata, kama mtunza ghala anayesukumiza magunia ya mteja mmoja kwenye pembe kumi kwa sababu hakutoa mzigo wa msimu uliopita. Chanzo, basi, ni mzigo wa zamani. Tena programu hizi zenyewe zinahitaji nafasi ili zifanye kazi. Ile iliyokuja na Windows XP ilitaka angalau asilimia 15 ya diski iwe wazi. Diski iliyojaa pomoni hata programu ya bei kubwa haiwezi kuipanga vizuri.

Upo pia upande wa pili ambao wauzaji hawautaji. Kompyuta nyingi sasa zina diski za SSD, ambazo hazina sahani wala kichwa. Kusoma kipande cha hapa na cha pale hakuzigharimu muda wa maana. Aidha, SSD ina kikomo cha mara inazoweza kuandikwa, na kuzihamisha data bila sababu kunapunguza maisha yake. Kuipanga SSD kwa difragi ni sawa na kulipa vibarua wahamishe magunia kutoka kona moja ya ghala hadi nyingine, kisha mteja asione tofauti yoyote.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi programu hizi zilipata soko. Zilikuwa na sababu zake. Windows NT 4.0 ya mwaka 1996 ilitoka bila chombo cha kupanga diski, na programu ya Diskeeper ikaziba pengo hilo. Baadaye Microsoft iliingiza toleo lililopunguzwa la Diskeeper ndani ya Windows 2000. Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, iliifanya kazi hiyo yenyewe kila wiki kwa ratiba. Windows 7 ya mwaka 2009 iliacha kuzipanga SSD, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 chombo hicho huihudumia kila diski kwa namna inayoifaa. Kwa maneno mengine, mwenye Windows halali ameshailipia huduma hii. Afungue menyu ya Start, aandike dfrgui, na dirisha litamwonyesha ana diski ya aina gani na imegawanyika kwa asilimia ngapi.

Wapo watakaosema kwamba studio kubwa yenye diski za sahani, inayopokea picha za kamera tatu kwa siku moja, inahitaji zaidi ya hapo. Sipingi. Kwa hao nashauri waangalie mambo manne. Kwanza, je, programu inaitambua SSD na kuiacha? Pili, inaweza kupanga faili moja au folda moja badala ya kuzungusha diski nzima? Contig, inayotolewa bure na Sysinternals ambayo ni mali ya Microsoft tangu mwaka 2006, inafanya hivyo, ingawa inamtaka mtumiaji kuandika amri. Tatu, inaweza kupangiwa saa ambazo hakuna kazi? Nne, ni nakala halali? Nakala iliyovunjwa kufuli na kuuzwa kwenye flashi mara nyingi huja na virusi, na virusi ndani ya kompyuta yenye kazi za wateja ni hasara kuliko kuchelewa.

Nayasema haya nikiwa na deni. Mwaka 2019 mdogo wangu, mwenye studio ndogo, alinipigia simu akisema kompyuta yake inachelewa na diski inatoa mlio wa tik-tik. Nikamtumia fedha za programu niliyosikia inasifiwa, na nikamwambia aiache ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi diski haikuonekana tena. Mlio ule ulikuwa dalili ya diski inayokufa, nasi tuliilazimisha kusoma na kuandika saa nane mfululizo. Zilipotea harusi mbili na mkutano wa chama cha msingi. Katika harusi moja babu wa bibi harusi alikuwa ametoa baraka zake, na mzee huyo alifariki kabla ya Krismasi. Malipo ya awali yalirudishwa yote. Familia ilipokea fedha hizo kwa upole, lakini walichokuwa wakikihitaji hatukuwa nacho.

Fedha zile zile zingetosha kuanza kuchangia diski ya pili. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwenye mtaji mdogo ni huu. Kabla ya kupanga chochote, pima afya ya diski. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inaweza kuonyesha dalili za diski inayochoka. Ukisikia mlio au ukiona onyo, usiipange. Nakili kazi za wateja kwanza, hata kama ni saa sita za usiku.

Pili, tenganisha diski ya Windows na ya picha. Kazi ikikamilika, ihifadhi kwenye diski mbili za nje, fungua nakala zote mbili uhakikishe zinacheza, kisha futa diski ya kazi na uanze upya. Diski iliyofutwa haina vipande, kama ghala lililofagiliwa kabla ya mavuno, na kazi hiyo haidai leseni ya mtu. Gharama ya diski hizo iweke ndani ya bei unayomtajia mteja, kama mkulima anavyoweka gharama ya magunia na dawa ya kuhifadhia mahindi. Asiyefanya hivyo anauza kwa hasara bila kujua.

Tatu, weka daftari. Andika kila diski ina kazi ya nani, ilinakiliwa lini na nakala ya pili iko wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mpiga video, mali hiyo ni sauti na sura za watu waliomwamini, na kuna siku watarudi kuziulizia.