Tahariri: Pesa ya nyumba ianzie chini, si kwenye krepi

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, wakaaji wa Nyangwe na wa vijiji vingine vya Kasongo na Kabambare wanafyatua matofali, wanayachoma na kuinua kuta mbiombio. Mvua ikirudi Septemba, kila mtu anataka mabati yawe tayari juu. Mwenye kuchimba dhahabu upande wa Salamabila anatuma pesa nyumbani, mwalimu anaweka akiba ya mshahara, mama wa sokoni anauza mchele na mawese. Pesa yote inaingia katika matofali, mabati na simenti ya kupaka ukutani. Nyumba inapendeza, majirani wanasifu.

Misimu miwili au mitatu ya mvua ikipita, ukuta ule ule unabadilika. Chini kunatokea alama ya maji, inapanda hadi magotini, halafu kiunoni. Unga mweupe kama chumvi unatoka. Krepi inavimba na kuanguka, tofali la chini linamong'onyoka, mchwa wanaingia kwenye fremu za milango. Chumbani kuna harufu ya ukungu, na watoto wanakohoa usiku. Mwenye nyumba anamwita fundi, anapaka simenti nyingine, na mwaka unaofuata anaanza tena.

Wazee wanasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu tunaziba ufa kila mwaka na ukuta tunajenga vilevile, maana ugonjwa hauko kwenye ufa. Uko chini ya nyumba.

Tofali, hata lililochomwa vizuri, lina vitundu vidogo sana ndani yake. Likigusa udongo wenye maji, linayavuta kwenda juu, kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Maji hayo yanapanda yakibeba chumvi ya udongo, na mara nyingi yanafika karibu mita moja. Yakifika mahali penye hewa yanakauka, chumvi inabaki na kupasua tofali polepole. Mvua nayo inapiga kutoka nje: matone yakianguka kwenye uwanja mgumu yanaruka na kulowesha sehemu ya chini ya ukuta. Basi ukuta unakunywa maji kwa njia mbili, na njia zote mbili ziko chini.

Simenti ya juu haizuii jambo hilo. Mara nyingi inalizidisha, kwa kuwa inafunga uso wa ukuta. Maji yaliyokuwa yatoke na kukauka yanabaki ndani, na yanatafuta nafasi ya kupanda juu zaidi. Kwa matofali mabichi ya kukaushwa na jua ni mbaya kuliko hapo: simenti ni ngumu, udongo ni laini, vinaachana, na maji yanakaa katikati bila mtu kuyaona, hadi siku kipande kizima cha ukuta kinapoanguka.

Tuhesabu. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 6, yenye ukuta mmoja wa kugawanya ndani. Kuta zote pamoja zina urefu wa mita 34 hivi. Kuweka juu ya fondasio mkanda wa simenti kali wa sentimita 3, yaani ndoo moja ya simenti kwa ndoo tatu za mchanga, kunaomba mifuko miwili ya kilo 50, au zaidi kidogo. Kupaka krepi kuta zote za nje za nyumba hiyo hiyo kunaweza kula mifuko minane. Mwenye uwezo wa kununua minane ya kupamba hawezi kusema amekosa miwili ya kukinga. Na kwetu simenti ni ghali kweli: reli ya SNCC inapita ng'ambo ya Lualaba, na barabara zinakatika wakati wa mvua. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na ile mifuko miwili.

Kwa anayejenga, kazi inafuata hivi. Chagua mahali palipoinuka, pasipo njia ya maji. Fondasio ijengwe kwa mawe, na ipande juu ya ardhi angalau sentimita 40. Hapo juu weka mkanda wa simenti kali, na ukipata plastiki nene, itandike ndani ya mkanda huo, vipande vikipandana sentimita 15 au zaidi, pasiwe na pengo. Mkanda upite chini ya kuta zote, hata zile za ndani. Ndipo tofali la kwanza liwekwe.

Matofali yenyewe yachaguliwe. Gonga mawili pamoja: lililoiva linalia kama chuma, lisiloiva linatoa sauti ya udongo. Vunja moja moja uone kama rangi ya ndani ni sawa na ya nje. Yaliyokuwa pembeni mwa tanuru, ambayo moto haukuyafikia vizuri, yasitupwe kwa kuwa yamekula kuni na jasho, lakini yawekwe kwenye kuta za ndani, juu ya mkanda. Yasiwekwe kamwe safu za chini za ukuta wa nje.

Paa litoke nje ya ukuta angalau sentimita 60. Baba zetu walilijua hilo. Nyumba ya zamani ya Maniema, ya miti na udongo, yenye baraza mbele, ilifunika ukuta wake kama mtu mwenye mwavuli. Leo mabati yanakatwa karibu na ukuta ili kupunguza gharama, na ukuta unabaki uchi mbele ya mvua. Uwanja nao uteremke kutoka ukutani, na mfereji upeleke maji mbali.

Aliye na nyumba tayari asikate tamaa. Aondoe udongo na takataka zilizorundikana ukutani, achimbe mfereji, arefushe paa penye nafasi. Kiangazi kikianza, abomoe krepi ya simenti kwenye mita ya chini na kuacha ukuta ukauke miezi yote ya jua. Tofali zilizooza zibadilishwe kidogo kidogo, kipande kifupi kwa wakati, ukuta usije ukashuka. Ukuta wa matofali ya kuchoma unaweza kubaki bila krepi, viungo vyake vikijazwa vizuri. Ule wa matofali mabichi upakwe udongo uliochanganywa na mchanga. Na madirisha yafunguliwe mchana: nyumba isiyopumua haikauki.

Jambo hili si la urembo. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo unaoonyesha kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na ukungu wanapata zaidi magonjwa ya kupumua na pumu. Pesa iliyookolewa kwenye fondasio inaweza kutoka baadaye kwenye dirisha la farmasi.

Hadi hapa tumezungumza na mwenye nyumba. Lakini kuna nyumba ambazo ni zetu sote: shule, vituo vya afya, ofisi za serikali. Mpango wa maendeleo ya wilaya 145, PDL-145T, ulioanza kutekelezwa 2022, unataka majengo hayo yafike hadi vijijini. Ni jambo jema, na ndiyo sababu tunauliza mapema: nani anaangalia fondasio kabla haijafunikwa? Siku ya kukabidhi jengo, viongozi wanakata utepe mbele ya rangi mpya. Siku hiyo hakuna awezaye kuona kama mkanda wa kuzuia unyevu upo au haupo. Utaonekana miaka mitatu baadaye, wakati kampuni imekwisha kuondoka na fundi hajulikani aliko.

Tunaomba wenye mamlaka wa jimbo na wa wilaya za Kasongo na Kabambare wakubali jambo moja rahisi: kila jengo la umma likaguliwe mara tatu, fondasio ikiwa bado wazi, kuta zikifika kwenye linta, na paa likikamilika. Kamati za wazazi, COPA, ziwepo kwenye shule. CODESA ziwepo kwenye vituo vya afya. Picha zipigwe na zihifadhiwe. Malipo ya hatua inayofuata yasitoke kabla ukaguzi haujafanyika. Hilo haliombi sheria mpya wala pesa nyingi. Linaomba mtu aende kwenye kiwanja na kupiga magoti.

Tunajua jibu litakalotolewa: mawe yako mbali, muda ni mfupi, mvua haingoji. Ni kweli. Lakini mawe yanaweza kukusanywa tangu Machi na Aprili, kidogo kidogo, kabla ya tanuru kuwashwa. Na nyumba ambayo haikumalizika mwaka huu ikiwa na fondasio nzuri itaendelea mwaka kesho. Ile iliyomalizika haraka juu ya udongo mtupu, mwaka kesho itaanza kurudi udongoni.

Anayejenga kiangazi hiki amuulize fundi wake, kabla ya bei ya krepi na rangi: chini utaweka nini? Fundi akikosa jibu, simenti isifunguliwe kwanza.