Sabre: Ndege ya kivita ambayo Nachingwea haikuiona, na kwa nini

Kutoka Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, hadi Nachingwea ni kama kilomita 170 kwa njia ya anga. Hadi Ruangwa ni kama 190. Kwa ndege ya kivita inayokimbia kilomita 900 kwa saa, hizo ni dakika 11 mpaka 13. Yaani chai haijapoa, ndege iko juu ya paa.

Miaka ya 60 na 70 hesabu hiyo haikuwa ya mchezo. Nachingwea ndiko FRELIMO walikofundisha wapiganaji wao, pale Farm 17, kwenye mji uliokuwa na uwanja wa ndege tangu enzi za mradi wa karanga wa Waingereza. Mueda ndiko Wareno walikokuwa na kambi yao kubwa na uwanja wao.

Sasa kwa nini FRELIMO walipata muda wa kujijenga pale? Sababu ni nyingi, lakini moja haisemwi sana, na inaanzia mbali: Bissalanca, uwanja wa ndege wa Bissau, huko Guinea ya Wareno.

Agosti 1961 Ureno ilipeleka Bissalanca ndege 8 aina ya F-86F Sabre. Hii ilikuwa ndege ya Marekani, iliruka mara ya kwanza Oktoba 1947 na ikapata jina kwenye vita ya Korea ikipambana na MiG-15. Ureno ilianza kuzipata 1958, kama mwanachama wa NATO.

Tarehe 17 Agosti 1962, Sabre namba 5314 ilirudi Bissalanca na kutua kwa dharura. Mabomu yalikuwa bado yananing'inia chini ya mabawa. Ikapitiliza njia ya kutua na kuteketea kwa moto.

Tuelewane hapa. Ndege ya kivita hutua kwa kasi kubwa, na kila kilo inayobaki mabawani inaongeza kasi hiyo na kurefusha safari ya kusimama. Ndiyo maana rubani mwenye shida kwa kawaida hudondosha mzigo kwanza, ndipo atue. Ukishuka na mabomu, njia ya kutua inakuwa fupi ghafla.

Mei 31, 1963 Sabre nyingine, namba 5322, ilidunguliwa na risasi za kutoka chini. Rubani aliruka na kuokolewa. Kwa miaka mitatu ya kukaa Guinea, ndege mbili si hasara ya kutisha.

Kilichoziondoa Sabre Afrika ni simu za kidiplomasia, siyo bunduki wala ajali. Marekani ilikuwa imezitoa kwa ajili ya kuilinda Ulaya, siyo kwa vita ya makoloni. Ureno ilijitetea kwamba haina makoloni, ina "mikoa ya ng'ambo". Washington haikununua hoja hiyo, ikabana, na mwaka 1964 Sabre zote zikarudishwa Ureno, zikiwa zimeruka kwenye operesheni mara 577.

Sasa angalia kalenda. Septemba 25, 1964 FRELIMO wanaanza vita ya silaha Msumbiji. Vita inaanza wakati uleule ambao Ureno inaambiwa irudishe ndege yake bora nyumbani. Sabre haikuja upande wetu. Ureno ilibaki kupigana Msumbiji na ndege za zamani za pangaboi, kama T-6, iliyotengenezwa kufundishia marubani.

Mbadala ulipatikana 1966: ndege 40 aina ya Fiat G.91, za muundo wa Italia, zilizonunuliwa Ujerumani Magharibi. Za kwanza zilikwenda Guinea. Msumbiji zilifika kuelekea 1969, makao yake Nacala, na Mueda ikawa uwanja wa mbele. Hapo ndipo zile dakika 11 zilipokuwa za kweli kwa watu wa Nachingwea.

Kati ya 1964 na hapo ni zaidi ya miaka minne. Ndiyo miaka ambayo Nachingwea iligeuka kutoka kambi changa kuwa shule kubwa ya jeshi la FRELIMO. Sidai kwamba Sabre zingekuwepo basi Farm 17 ingelipuliwa. Tanzania ilikuwa nchi huru, na kuishambulia ingekuwa ugomvi mwingine kabisa. Ila mpangaji wa vita asiyekuwa na ndege ya kasi hana hata cha kutishia.

Habari hii haijazeeka. Ukraine iliomba F-16 kwa muda mrefu, na Denmark na Uholanzi zilikuwa tayari kuzitoa, lakini zilisubiri Marekani ikubali, Agosti 2023. Unalipia ndege, unafundisha marubani, halafu ufunguo unabaki kwa aliyeitengeneza.

Tanzania yenyewe iliuonja mchezo huu. Tulipoanza kujenga kikosi chetu cha anga, msaada ulitoka Ujerumani Magharibi. Mwaka 1965 Bonn ikakasirika kwa sababu Dar es Salaam iliwaruhusu Wajerumani Mashariki kufungua ubalozi mdogo, ikakata msaada huo wa kijeshi. Nyerere akajibu kwamba na misaada mingine waondoke nayo. Canada ikashika nafasi, na baadaye China, ambayo ndiyo iliyotupatia ndege za kivita na kutujengea uwanja wa kijeshi wa Ngerengere.

Na ile Ujerumani Magharibi iliyojitoa kwetu 1965 ndiyo hiyohiyo iliyoiuzia Ureno Fiat 40 mwaka uliofuata.