Ganzi Inayokuja Miaka Baada ya Mionzi



Sisi wauguzi na akina mama wa kanisa tunaotembelea wagonjwa hapa Mnyambe huulizwa: "Mama alipona saratani zamani, mbona sasa mguu unakufa ganzi?" Majirani hunong'ona kuwa amerogwa, wengine husema saratani imerudi. Tusihukumu kabla ya vipimo.

Wanawake wengi wa kusini wenye saratani ya mlango wa kizazi au ya titi wametibiwa kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1996. Mionzi huua chembe za saratani na kuokoa maisha. Lakini kwa wagonjwa wachache huacha makovu kuzunguka mishipa ya fahamu, na vijishipa vya damu vinavyoilisha husinyaa polepole. Ndiyo maana dalili huchelewa miezi au miaka, hata zaidi ya miaka 10. Aliyepigwa mionzi nyongani hulegea miguu au kufa ganzi. Aliyepigwa begani na kwapani huona vidole vikichomachoma na vikombe vikimponyoka.

Ukiona hivyo, nenda hospitali na vyeti vyako vya matibabu. Mweleze daktari ulipigwa mionzi sehemu gani na mwaka gani, ili achunguze kama ni mionzi, saratani iliyorudi, au ugonjwa mwingine kama kisukari. Miguu yote miwili ikilegea ghafla, au mkojo ukiziba au kutoka wenyewe, usingoje kesho.

Mshipa ulioharibika hivyo kwa kawaida haurudi kama zamani. Hata hivyo, zipo dawa za kutuliza maumivu yake, na mazoezi ya viungo husaidia kutunza nguvu iliyobaki.

Linda kiungo chenye ganzi. Usipime joto la maji kwa mkono huo. Vaa viatu shambani, na kagua nyayo kila jioni. Kubangua korosho mwachie mwingine, kwani mafuta ya ganda huunguza ngozi, nawe hutasikia.

Akina baba na watoto, mama huyu si mvivu. Mtueni ndoo ya maji. Nawe dada uliyeandikiwa mionzi, usiikimbie kwa hofu ya ganzi. Saratani isiyotibiwa huua.