Dhahabu za Norway zinaanzia kwenye treni

Norway, nchi ya watu wasiofika milioni sita, ilibeba dhahabu 16 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi Beijing 2022, na wachambuzi wakakimbilia kusifia makocha. Waende Oslo Jumapili moja ya Februari wajionee. Treni ya kwenda Frognerseteren inajaa kama daladala siku ya dabi, ila abiria wameshika skii na fimbo, thamosi na machungwa vimo begini. Wakishuka tu, msitu wa Nordmarka huo hapo: babu, mama na watoto wanateleza mpaka wachoke wenyewe. Hakuna kiingilio, hakuna refa. Giza likiingia, njia kadhaa zinawashwa taa.

Hayo hayakudondoka pamoja na theluji. Sheria ya 1957 inampa kila mtu haki ya kupita porini bila kumwomba mwenye ardhi. Ya 2009 inabana ujenzi kwenye misitu inayolizunguka jiji, na hapo ndipo penye mchezo wenyewe, maana ardhi ya Oslo ni ghali na wenye fedha hawalali. Wangeachiwa msitu ule, huyo kocha anayesifiwa angeokota wapi vipaji, maghorofani?